Yowe la Gorong'a

Goti la kushoto la Mniko halikuwa goti la kukaa kimya. Akiinama kupuliza mkaa kibandani kwake Kisaka, linalia. Akiinuka kumpa mchimbaji patasi yake iliyonolewa upya, linalia tena, ka, kama kijiti kikavu kinachovunjwa kuwashia moto. Wachimbaji walikuwa wamelizoea, wakampa jina la Mzee Ka, naye alicheka pamoja nao, kwa kuwa machimboni mtu asiyejua kuchekwa hadumu.

Jambo ambalo hakulizoea, wala hakutaka kulizoea, ni binti yake Beatrice kukimbia.

Beatrice alikuwa kitinda mimba. Tangu amalize shule aliamka alfajiri akakimbia hadi mto Mara na kurudi kabla mama yake, Veronika, hajamaliza kukamua. Veronika alidai miguu ile mirefu imetoka ukoo wake. Kisaka nzima ilijua imetoka wapi, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana na Veronika.

Asubuhi moja msichana alifika kibandani jasho likiwa bado linamtiririka.

"Shikamoo, tata," alimwambia baba yake.

"Marahaba. Mbona hujaoga?"

"Kuna mbio zinakuja. Tunaanzia darajani, tunapanda Gorong'a, mpaka Nyamisangura mjini. Wanawake na wanaume tunaondoka pamoja. Na Wakenya wanakuja, wale wenyewe. Nimeshajiandikisha."

"Barabara ipi?" Mniko aliuliza, kana kwamba kutoka darajani kwenda Tarime mjini kuna barabara kumi.

"Ni ileile, tata."

Mniko alitumbukiza patasi ya moto kwenye maji, ikafoka. "Hapana," alisema, akachukua nyingine.

Basi nyumba ikanuna. Baba kanuna, binti kanuna, ugali unaliwa bila mtu kuomba mboga iongezwe. Veronika, ambaye kununa hakukuwa kipaji chake, ndiye aliyechoka kwanza. "Unamkataza mtoto kwa jambo ambalo hujawahi kumsimulia," alimwambia mumewe kibandani, mbele ya Beatrice. "Amelisikia kwa watu, na watu wanalisimulia kwa kucheka. Msimulie wewe mwenyewe, kisha mkataze ukiweza."

Mniko alivuta kigoda. Hakupenda, lakini alisimulia, tena alisimulia yote.

Enzi zile dhahabu ndiyo kwanza ilikuwa imewatia watu wazimu. Hakukuwa na kampuni wala uzio. Kilima chochote chenye jiwe linalong'aa kilitobolewa mashimo siku hiyohiyo. Walimu walitupa chaki, wakulima waliacha mtama uliwe na ndege, na watu walimiminika kutoka Shinyanga, kutoka Geita, hata ng'ambo ya Sirari. Mniko alikuwa kijana asiye na shimo wala mtaji. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya mawe mgongoni kutoka mashimoni mpaka juu ya mlima wa Gorong'a, kwenye mashine ya kusagia. Alipanda mlima ule kutwa, na mkoba wake wa pekee duniani ulikuwa lile gunia.

Mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyeitwa Benedicto, aliyekuja na mizani moja ndani ya begi na baada ya muda mfupi akawa na magari, akaona utajiri bila jina hauna ladha. Akaandaa mbio. Zawadi ilikuwa fahali, na baiskeli mpya ya kumfuata huyo fahali nyumbani. Ili mbio zisionekane za kitoto, akaleta wakimbiaji wa kweli kutoka Kenya, watu wanaokula na kulala kwa kukimbia.

Walishuka kwenye pikapu, watano, wembamba kama watu waliotoka kuugua malaria. Wachimbaji walipowaona walicheka mpaka wakashikana mabega. Wale wageni hawakucheka wala hawakukasirika. Walikaa chini, wakafunga kamba za viatu vyao, wakafungua, wakafunga tena. Aliyekuwa kama kiongozi wao aliitwa Kibet.

Namba za kuvaa kifuani zilitosha wageni tu. Wenyeji waligawiwa vitambaa vyekundu vya kufunga mkononi, ili wajulikane kuwa ni watu wa mbio. Mniko alifunga chake. Alikuwa na kaptura ya kaki iliyochanika na katambuga za matairi miguuni. Shati alimwachia mwenzake amshikie, na mwili wake ulikuwa na ule wekundu wa udongo wa shimoni usiotoka hata kwa sabuni ya kufulia.

Filimbi ilipolia, wachimbaji walichomoka kama ndama waliofunguliwa. Wale watano waliondoka taratibu, wakawaacha watangulie. Kufika kwenye mashamba ya mahindi, ndama walikuwa wamekaa pembeni, wengine wanatapika, na Mniko akajikuta yuko peke yake na wageni. Hapo kamba ya katambuga moja ikakatika. Alichuchumaa, akafungua kitambaa chake mkononi, akakifunga mguuni kushikilia kiatu, akainuka mbio kuwafikia. Wala hakuwaza kitu. Kiatu kilikuwa kinamhusu, kitambaa hakikumhusu.

"Walikuwa wanakimbiaje?" Beatrice aliuliza. Alikuwa amesahau kununa.

Mniko alitafuta neno. Ukiwa katikati yao, alisema, unasikia mguu mmoja tu. Watu watano, mguu mmoja. Pumzi zao husikii kabisa, unasikia yako tu, inavuma kama huu mvukuto, mpaka unaona haya. Hawakumwangalia. Kisha Kibet, bila kugeuza kichwa, akasema, "Wewe kijana, kuja hapa nyuma yangu. Usipigane na upepo." Mniko akaingia nyuma yake. Upepo ukakatika. Miguu yake ikaanza kukanyaga pale pale Kibet alipokanyaga, na kwa kipande kile cha barabara, kutoka kwenye mahindi mpaka chini ya mlima, Mniko alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kabla ya hapo wala baada ya hapo, hata siku ya harusi yake. Hili la harusi alilisema polepole, akimwangalia Veronika kwa pembe ya jicho. Veronika alisema endelea.

Mlima ulipoanza, miguu yake ililitafuta gunia mgongoni isilione. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Alijua kila jiwe na kila kona. Akatoka nyuma ya Kibet, akampita, na wenzake wote wakabaki nyuma.

"Tarime iko mbali, kijana," Kibet alimwambia. "Hii mlima inakudanganya."

Mniko alizidi kupanda. Alipofika juu alikuwa mbele, peke yake. Gari la Benedicto, ambalo lilipaswa kumtangulia mkimbiaji wa kwanza likipiga honi, lilikuwa limeshakimbilia mjini kupanga viti na bia. Mbele yake kulikuwa na barabara tupu. Aligeuka kuangalia nyuma, akawaona wale watano wanakuja kimya, hawachoki. Akakaza. Akageuka tena.

Sasa, alfajiri ya siku hiyo ng'ombe walikuwa wameibiwa Gorong'a, na nyayo zilielekea mtoni, upande wa Kisaka. Wanaume walikuwa wamezunguka na nyayo hizo tangu kuche wakarudi mikono mitupu. Habari za mbio hazikuwafikia, na hata kama zingewafikia, mtu mwenye zizi tupu ana habari gani na mbio? Mama mmoja aliyeitwa Efrazia, mke wa Waitara, alikuwa anapalilia mihogo kando ya barabara. Akainua kichwa. Akaona mwanaume kifua wazi, mwekundu kwa udongo, anakuja kutoka upande wa mtoni mbio kwa nguvu zake zote, na kila mara anageuka kuangalia nyuma. Nyuma yake wanaume watano wanamfukuza bila kusema neno.

Efrazia akatupa jembe, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Ukuryani yowe halina mjadala. Anayelisikia anashika alichonacho na kukimbia kule linakotoka. Maswali yanaulizwa mkifika. Nyumba isiyotoa mtu inatozwa mbuzi, na mbuzi si kitu, aibu ndiyo inayokaa. Mtoto wa Kikurya analijua yowe kabla hajajua kufunga kaptura.

Na Mniko naye alikuwa mtoto wa Kikurya. Alilisikia yowe. Hapo ndipo watu wanapocheka, na Mniko aliposimulia alisimama kidogo ili kama binti yake atacheka, acheke. Kijana aliyekuwa mbele ya wakimbiaji wa Kenya, katika siku ya pekee ya maisha yake, aliacha barabara. Aliruka mtaro, akakata kuingia kwenye mihogo, akakimbilia kwenye yowe akasaidie kumkamata mwizi.

Walikuwa wanamsubiri humo. Rungu la Waitara lilitua gotini, la pili likatua begani, na mtu mwingine alikuwa ameshainua panga wakati wale watano wanapita barabarani. Kibet aliona. Alipaza sauti, akasema, "Huyo ni wetu, ni mtu wa mbio." Alisema bila kusimama. Panga likashushwa. Mniko, akiwa amelala kwenye mihogo, alisikia ule mguu mmoja ukipita, ukaenda, ukaisha.

Baraza la wazee, ritongo, lilikaa. "Alama yako ya mbio iko wapi?" wazee walimuuliza. Mniko akaonyesha mguuni. Wakaangalia kile kitambaa kilichofunga katambuga, na wengine wakainama wakijifanya wanakohoa. Upande wa Gorong'a ukatozwa mbuzi, wajomba zake wakamla, yeye hakuonja. Waitara aliposimamishwa aseme neno hakusema pole, wala nisamehe. Alimwangalia Mniko usoni akasema, "Ungekuwa wewe, ungefanya hivyohivyo." Akaketi.

Maneno hayo ndiyo Mniko aliyokuwa anatembea nayo. Goti lilimuuma kipindi cha baridi, lakini maneno ya Waitara yalimuuma mwaka mzima. Mtu mwenye macho, mchana kweupe, asiweze kumtofautisha mkimbiaji na mwizi, halafu akuambie nawe ni kama yeye. Alikuwa akinoa patasi na kumjibu Waitara kimoyomoyo, na kila siku alimshinda kwa hoja.

Beatrice hakucheka. "Ungeshinda?" aliuliza.

"Sijui," Mniko alisema. Watu wengine aliwaambia ndiyo, na siku akiwa na hasira aliwaambia hapana. "Kibet alikuwa bado hajaanza kukimbia. Hilo ndilo nalolijua."

"Mimi nataka kujua la kwangu."

Mniko alichokora mkaa ulioanza kuwa na majivu. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa. Barabara ileile, mlima uleule, watu walewale. Dhahabu ilikuwa imepanda bei upya, mgodi mkubwa ulikuwa na uzio wake, na nje ya uzio vijana walikuwa wanakimbizana na walinzi kwa ajili ya mawe ya dhahabu usiku na mchana. Mtu anayekimbia Gorong'a bado hakuwa mtu wa kuaminiwa.

"Basi nisikilize," alisema mwishoni. "Ukisikia yowe, usiache barabara. Liwe la nani, liwe la nini, usiache barabara. Hata kama ni mimi ninayelia."

"Nimesikia, tata."

Siku ya mbio Mniko hakwenda darajani kuona zinavyoanza. Alivuka mto mapema, akapanda Gorong'a kwa fimbo yake ya mti mgumu wa mgongewa, goti likihesabu kila jiwe, akasimama pembeni mwa barabara palepale palipokuwa na mihogo. Siku hizi palikuwa na mahindi. Watu walikuwa wamejaa barabarani wakishangilia, akaona aibu kidogo kwa woga wake. Hawa walikuwa na habari za mbio. Wanaume wa Kenya walipita kwanza, nao walikuwa na ule mguu mmoja. Wakafuata wanaume wengine, mmojammoja. Wale waliokuja kuangalia wanaume wakaanza kutawanyika, na barabara ikatulia.

Ndipo akamwona Beatrice akitokeza kwenye kona ya juu. Alikuwa mbele ya wanawake wote. Nyuma yake, mbali kidogo, kulikuwa na Wakenya wawili, wanakuja bila haraka. Alikuwa amepanda mlima kama baba yake, vibaya, kwa kiburi, akauacha nyuma. Mniko alitaka kumwambia Tarime iko mbali. Alitaka pia kupiga vigelegele kama mwanamke. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa mkono wenye masizi.

Alipofungua macho, vijana wawili walikuwa wamechomoka kwenye mahindi na fimbo mkononi, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanamkimbilia binti yake.

Mniko alijua kwamba hizi ni mbio. Alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote Tarime na Serengeti. Lakini kiganja kilikuwa kimeshafika mdomoni. Yowe lilitoka, kali, la miaka yote ile, na kabla halijaisha mkono wake wa mhunzi ulikuwa umeirusha fimbo. Ilimpata kijana wa kulia juu ya sikio. Kijana akaanguka kifudifudi kwenye vumbi.

Beatrice aligeuza kichwa. Alimwona baba yake, akaona aliyelala. Miguu yake ilisita, hatua moja ikakosa mwenzake, na Wakenya wawili wakampita, mmoja kila upande. Mniko aliona jinsi mwili wake ulivyotaka kugeuka kulifuata yowe. Haukugeuka. Aliangalia mbele, akakaza, akaenda.

Watu wakaja. Walitoka kwenye mahindi, nyumbani, kwenye zizi, na mapanga na mawe na mwiko wa kusongea ugali, na walipofika maswali yakaanza. "Walikuwa wanamfukuza binti yangu," Mniko alisema.

Kijana wa pili alikuwa amepiga magoti kando ya mwenzake. "Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba," alisema, akilia kwa hasira. "Beatrice. Alikuja hapa kwa mzee wetu, akamwambia habari zako, akamwomba tumsindikize anapopita kwenye nyumba zetu, watu waone yuko na sisi. Asidhaniwe vibaya. Alisema tusikuambie, kwamba jina la mzee wetu hutaki kulisikia."

Mzee wao alikuwa ameshafika. Mniko hakuwa amemwona Waitara tangu siku ya ritongo. Alikuwa amezeeka, mgongo umepinda, na rungu lake sasa lilikuwa mkongojo. Alimwangalia mwanawe, akaangalia fimbo ya mgongewa iliyolala barabarani, akamwangalia Mniko. Mniko aliyangoja yale maneno ya ungekuwa wewe. Alijua yatakavyokuja, na kwa mpangilio gani. Hoja zote alizozinoa kibandani miaka yote zilikuwa zimeisha kwa mkupuo mmoja.

Waitara hakuyasema. Alivua shati lake, akainama kwa taabu, akalibana kwenye kichwa cha mwanawe kuzuia damu.

Mniko alipiga magoti upande wa pili. Goti likalia, ka, na kila mtu akalisikia, na Waitara akainua macho kidogo kuliangalia, akayashusha. Mniko alishika shati lile kutoka upande wake, akalibana pamoja naye. Akasema neno ambalo alikuwa amelingoja kutoka kwa mtu huyu ujana wake wote na uzee wake wote, akalisema yeye.

"Nisamehe, mwanangu."

Kijana alifungua macho. Aliitwa Nyamhanga, na alikuwa na sura ya mama yake, Efrazia. Aliangalia juu, kama mtu anayeamka mahali asipopajua.

"Beatrice bado yuko mbele?" aliuliza.

Mniko aligeuka. Barabara ya kuelekea Tarime ilikuwa na vumbi tu, na wakimbiaji waliobaki nyuma walikuwa wanapita mmojammoja, wakiwakwepa pale chini.

"Sijui," alisema. "Lakini hajaacha barabara."